Soksi za Vidole na Malengelenge ya Miguu

Wenye wanasimama kule nyuma wakaribie, kuko nafasi ku benchi. Watoto wenye kunyonya wanyonye tu, hawatanizuia kusema.

Leo hatutazungumuza juu ya uji, wala juu ya chandarua. Tutazungumuza juu ya vidole vya miguu. Muangalie hii kitu nimeshika. Ndiyo, mucheke, hata mimi nilicheka. Ni soksi, lakini imeshonwa sawa ganti ya mukono: kila kidole iko na nyumba yake. Mama mumoja aliikuta ku soko, ndani ya bale ya nguo za chagua, akaniletea na kuniuliza kama ni ganti ya mutu mwenye vidole vifupi. Hapana, mama. Ni soksi ya kweli, na iko na kazi yake.

Wajapani wanajua tangu zamani kutenga vidole. Soksi yao ya zamani inaitwa tabi, inaacha kidole kikubwa peke yake, ili mukanda wa sandali upite katikati. Siku hizi wako pia na ile yenye nyumba tano, na watu wengi wa Ulaya na Marekani wenye kukimbia mbio ndefu ao kupanda milima wanaivaa. Sasa musiseme: "Hayo ni mambo ya wazungu wenye kutembea kwa kujifurahisha." Wao wanapanda mulima siku ya konji. Ninyi munapanda kila siku ya soko, tena na muzigo ku kichwa na mutoto ku mugongo. Na watoto wenu wanakimbia asubuhi kwenda masomo, wanakimbia tena kurudi. Kama kuko mutu anayestahili kujua namna ya kuchunga vidole vyake, ni ninyi.

Kwanza tufahamu lengelenge linatoka wapi. Kila mutu atie kidole kimoja juu ya mugongo wa mukono wake wa kushoto. Kandamiza kidogo, halafu usukume mbele na nyuma. Munaona? Kidole hakitelezi. Ngozi ya juu inafuatana na kidole, lakini mufupa wa chini unabaki pahali pake. Ni hivyo mu kiatu. Ngozi inashikamana na soksi ao na kiatu, na mufupa unaenda mbele na nyuma kwa kila hatua. Mara moja haina neno. Mara elfu moja, mara elfu tano, tabaka za ngozi zinaachana ndani, na maji ya mwili yanajaa katikati. Ile maji siyo uchafu, siyo sumu, haitokani na kurogwa. Ni mwili unajaribu kufunika pahali palipopasuka.

Na jasho? Ngozi yenye unyevu inashikamana zaidi kuliko ngozi kavu. Mama mwenye kusugua sahani anajua: sahani kavu inateleza ku kidole, sahani yenye unyevu kidogo inalia kwii. Vidole vya miguu vinalala pamoja sawa watoto sita ku kitanda kimoja, vinatoka jasho pamoja, vinasuguana ngozi kwa ngozi. Soksi ya kawaida inavifunika vyote kwa blanketi moja, lakini chini ya blanketi vinaendelea kupigana. Soksi ya vidole inatia kitambaa katikati yao. Kitambaa kinakunywa jasho, na kidole kinasugua kitambaa, hakisugui ndugu yake. Ni hiyo tu kazi yake. Hakuna dawa ndani.

Pengine mama mumoja anasema mu roho yake: "Lengelenge ni kitu kidogo. Munganga anatupotezea wakati." Basi, musikilize habari hii, ni ya kweli.

Katika mwaka 1924, Rais wa Marekani alikuwa Calvin Coolidge. Alikuwa na mutoto kijana wa miaka 16, jina lake pia Calvin. Mwisho wa mwezi wa sita kijana alicheza tenisi na kaka yake ku uwanja wa nyumba ya Rais, mu muji wa Washington. Alivaa viatu vya mupira bila soksi. Akapata lengelenge ku kidole cha muguu. Nani anajali lengelenge? Akaendelea na mambo yake. Nyuma ya siku chache homa ikapanda, microbe ikaingia mu damu. Waganga wakubwa wa inchi tajiri walikuja. Franga haikukosekana, hospitali haikukosekana. Siku ya 7 mwezi wa saba kijana akakufa. Tangu kucheza mpaka kufa, hata siku kumi hazikufika.

Penicilini ilikuwa haijavumbuliwa bado; Fleming aliivumbua mwaka 1928. Leo sisi tuko na antibiotiki ku hospitali. Lakini dawa inasaidia mutu mwenye kufika. Yule mwenye kubaki nyumbani siku sita akimwanga majivu ku kidole, anaishi sawa mu mwaka 1924. Mimi nikifikiri mama wa yule kijana, ninafikiri hivi: hakuna mutu aliyemunyima kitu. Ilikuwa tu soksi.

Sasa tuingie mu kuchagua, kwani soksi mbaya inaleta malengelenge kuliko kukosa soksi.

Jambo la kwanza ni kipimo. Soksi ya kawaida inavutika, inasamehe. Soksi ya vidole haisamehe. Kama nyumba ya kidole ni ndefu, kitambaa kinakunjamana ku ncha, na ile kunjo itakusugua sawa jiwe. Kama ni fupi, inavuta kidole nyuma, na ukucha unaumia. Kwa hiyo hapana kununua kwa macho. Omba muuzaji ruhusa, uivae. Anzia ku kidole kikubwa, ingiza kila kimoja mpaka ncha, kisha vuta kisigino. Tanua vidole, vikunje. Ikiwa kuko kidole kinalia, rudisha soksi. Kuko watu wenye kidole cha pili kirefu kuliko kikubwa. Wao waangalie zaidi. Na kuko watu wenye vidole viwili vimeungana tangu kuzaliwa: soksi hii haiko yao, wasijilazimishe.

Angalia mushono. Geuza soksi ndani-inje, pitisha kidole chako cha mukono ku mushono wa kila nyumba, zaidi kule chini katikati ya vidole. Kama unasikia kitu kinakwaruza ku mukono, ku muguu kitakwaruza mara mia. Mushono muzuri ni bapa, karibu hauusikii.

Tena kitambaa. Hapa wamama wengi watashangaa, kwani tumezoea kusema pamba ni bora kwa kila nguo. Kwa nguo ya mutoto muchanga, ndiyo. Kwa muguu mwenye kutembea mbali, hapana. Pamba inakunywa jasho na kuliweka, inabaki maji, inalegea, inakunjamana. Mwaka 1990 katika Marekani walijaribu soksi nene za pamba na za akriliki, zenye mushono wa namna moja, kwa wakimbiaji wa mbio ndefu. Wenye pamba walipata malengelenge mara mbili kuliko wale wengine, tena makubwa mara tatu. Walipojaribu tena mwaka 1993 na soksi za namna ingine, za kawaida, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo kitambaa peke yake siyo yote, mushono na unene wake vinasaidia pia. Lakini ukiwa na mbili mu mukono, moja ya pamba tupu na moja ya nailoni, polyester ao sufu nyembamba, chukua hii ya pili. Soksi nyingi ni za kuchanganya. Hizo ni nzuri kama pamba haijapita nusu.

Halafu fikiri kiatu. Kitambaa katikati ya vidole kinakula nafasi. Kiatu kilichokuwa sawasawa na soksi ya kawaida kitabana na soksi ya vidole, na utasema soksi ni mbaya kumbe kiatu ni kidogo. Nenda kununua kiatu na soksi ukiwa umevaa, tena nenda jioni, kwani miguu inavimba kidogo mchana wote. Mbele ya kidole kirefu kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mukono. Kwa watoto musinunue kiatu cha namba mbili juu eti "atakomea mu hiki." Ninajua sababu, franga ni kidogo na miguu ya mutoto haingojei. Lakini kiatu kikubwa kinateleza kila hatua, na kisigino kinaisha ngozi. Kama mumelazimika, mutie kitambaa ku ncha ya kiatu, na mukaze kamba.

Hapo nitoe onyo moja, ili mutu asiende kuuza kuku wake bure. Soksi ya vidole inasaidia vidole. Haisaidii kisigino. Kama lengelenge lako liko nyuma ku kisigino, shida ni kiatu, ao kamba haikazwi, ao soksi imekunjamana. Mama mwenye kuvaa bote za mupira shambani siku nzima: maji ya jasho yanajaa ndani, na kisigino kinapanda na kushuka. Yeye avae soksi mbili, moja nyembamba ndani na moja nene inje, ili soksi zisuguane zenyewe na ngozi ikae kimya. Saa sita avue bote, amwange jasho, akaushe miguu ku jua, avae soksi ingine kavu. Soksi mbili za kubadilisha ni bora kuliko soksi moja ya bei kali.

Na wenye kuvaa kambambili? Munaniangalia hivyo kwa sababu karibu ninyi wote muko nazo. Kumbe ni hapa soksi ya vidole inaweza kukusaidia zaidi. Ule mukanda wa mupira katikati ya kidole kikubwa na cha pili unakata ngozi, zaidi kambambili ikiwa mupya ao njia ikiwa ya matope. Soksi ya kawaida haiingii mu kambambili, lakini soksi ya vidole inaingia. Watu watakucheka njiani. Wakucheke, wewe utafika ku soko na vidole vizima. Lakini kwa njia ya mawe na ya kushuka mulima na muzigo, kambambili siyo kiatu, hata ukivaa soksi gani.

Mama mwenye hana soksi ya vidole, na hataipata, afanye nini? Afunge kile kidole chenye kuumia na sparadra ya karatasi, ile nyembamba, mbele ya kuanza safari. Wakimbiaji zaidi ya mia moja waliijaribu mu mbio za kilometre 250 mu majangwa, na habari yao ilitoka mwaka 2016: pahali palipofungwa, malengelenge yalipunguka kama 40 kwa 100. Sparadra ile ni ya bei ndogo mu farmasi. Ifungwe ku ngozi kavu, bila kunjo, tena bila kukaza, ili damu ipite. Ukikosa hata hiyo, pitisha kitambaa laini, kisafi, katikati ya vidole. Mafuta ya kupakaa yanatelezesha kwa muda kidogo tu. Kisha saa moja ao zaidi kidogo yanachanganyika na jasho, na ngozi inalainika kupita. Kwa safari fupi ni sawa, kwa safari ya siku nzima usiyategemee.

Soksi za chagua ni nzuri, sizizuie, lakini hamujui miguu iliyotangulia kukaa ndani. Ugonjwa wa ngozi katikati ya vidole, ule wenye kuwasha na kutoa ngozi nyeupe, unahama mu soksi. Mugeuze ndani-inje, mufue na sabuni na maji ya moto sana, mufikie ncha ya kila nyumba, muanike ku jua kali mpaka zikauke kabisa. Musiazimane soksi mu nyumba. Mutoto mwenye kuwashwa afuliwe peke yake mpaka apone.

Wenye mimba, nisikilizeni kidogo. Miguu yenu inavimba, kiatu cha mwaka jana hakiko kiatu chenu tena. Soksi yenye mupira mukali ku kifundo itaacha alama ya kamba. Ukiona alama ndefu namna hiyo, chukua soksi yenye kulegea. Na kama miguu imevimba pamoja na uso ao mikono, ao kichwa kinauma sana, ao macho yanaona giza, hapo siyo mambo ya soksi. Kuja mara moja tupime tension.

Tena kuko watu wenye miguu haisikii maumivu: mwenye ugonjwa wa sukari, na mwenye amepata ukoma. Kwao ninasema kwa nguvu. Munganga Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore katika India tangu mwaka 1946, alionyesha kwamba vidonda vya miguu ya watu wa ukoma havitoki kwa ugonjwa kula nyama, sawa watu walivyofikiri. Vinatoka kwa kukandamizwa pahali pamoja mara elfu na elfu, na mutu hasikii, hapumzishi muguu. Wewe na mimi tukipata lengelenge tunachechemea. Yule hachechemei, anaendelea mpaka mufupa. Kama muko na mama mukwe ao mzee wa namna hiyo nyumbani, mukague miguu yake kila jioni, hata katikati ya vidole, na mutie mukono mu kiatu chake kutafuta jiwe ao musumari mbele avae. Soksi ya vidole kwake ivaliwe na mutu mwingine, polepole, kwani yeye hatasikia kama kidole kimekunjamana ndani. Kwa wengine wao soksi laini ya kawaida isiyo na mushono ni bora.

Mama mumoja pale ananyosha mukono. Anauliza: "Kama lengelenge limekwisha kutoka, nitoboe?"

Likiwa dogo, haliumi, liache. Ile ngozi ya juu ni bandeji bora kuliko bandeji zetu zote, haina microbe na haiuzwi. Nawa, kausha, funika na kompresi ao kitambaa kilichopigwa pasi, vaa kiatu kingine. Likiwa kubwa, linauma, karibu kupasuka lenyewe, kuja ku dispensere: tutalisafisha, tutalitoboa pembeni na sindano safi, maji yatoke, lakini ngozi ya juu hatuitoe. Musiikate na makasi! Wengi wanaipenda kuikwangua sawa ganda la muhogo, halafu nyama nyekundu inabaki wazi mu matope. Musitie majivu, wala mavi ya ngombe, wala dentifrice, wala mafuta ya gari. Tena ile desturi ya kufungua kapsuli ya antibiotiki na kumwanga unga ku kidonda, iache. Unga ule unakauka sawa simenti, unafungia uchafu chini, na dawa haifiki pahali inapotakiwa. Kapsuli inamezwa, tena kwa barua ya munganga.

Na uangalie kila asubuhi. Kama pembeni panakuwa pekundu na moto, kama usaha unatoka, kama musitari mwekundu unapanda ku muguu, kama kuko mutoki umevimba ku kinena, kama homa imeingia: usingoje siku ya kliniki. Kuja siku ile ile, hata usiku, hata siku ya mungu. Kuja na karte ya chanjo pia, kwani lengelenge lililopasuka mu udongo linafungulia tetanosi mulango. Mutoto mwenye alipata sindano zake tatu ku juma la 6, la 10 na la 14 iko na mwanzo muzuri, lakini nguvu yake inapunguka na miaka, na kwa wakubwa tunaangalia karte mbele ya kusema.

Hii soksi itabaki hapa ku meza. Muipitishe, muigeuze, mutafute mushono kwa kidole sawa nilivyosema. Wale wenye watoto wa masomo wawavue viatu wakifika nyumbani leo, waangalie katikati ya vidole.

Na yule mama mwenye shati ya kijani, nimeona mutoto wako mukubwa anasimamia muguu mumoja tangu tulipoanza. Acha mzani, mutoto muchanga atapimwa nyuma. Muingie kwanza ku chumba cha vidonda.